Kuni za Dada Borghild

Eikedalen, 9 Juni 1996

Mpwa wangu Sunniva,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye bonde hili lingekuwa limeshaganda zamani. Si mimi ninayesema, ni watu. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Mama yako naye hajambo. Kifua kimetulia tangu atoke hospitali, na jana alikula viazi vinne akanitukana mara mbili, kwa hiyo usiwe na shaka.

Barua yako ya Februari niliipata. Unataka nimwandalie dada kuni za majira ya baridi, maana umeme wetu hukatika kila theluji inapoangusha mti juu ya nyaya, na daktari amesema kifua kile hakitaki baridi wala moshi. Unasema nyumba isipokuwa na joto utampeleka kwenye nyumba ya wazee. Mwanangu, kazi hiyo umempa nani? Umempa Torgeir! Mwaka ule wa theluji kubwa nilipasua kuni za mwezi mzima kabla ya kahawa ya asubuhi, mpaka shoka likaomba likizo.

Kweli, nimechelewa kidogo. Wenzangu walikata mwezi wa tatu, kabla mti haujaanza kunywa maji. Mimi mwezi wa tatu nilikuwa kwenye mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu. Nilishika nafasi ya pili, aliyeshinda alisaidiwa. Lakini jana nimeangusha miti kumi na miwili, ile ya gome jeupe, na leo nimeanza kupasua. Jirani Oddvar akapita akaokota kipande, akakikamua kama nguo. "Torgeir," akaniambia, "hizi unakwenda kuzichoma au kuzinywa?" Nikamjibu, "Wewe nenda kanywe kahawa yako, mambo ya wanaume yaache."

Lala usingizi. Mambo yako mikononi mwangu.

Mjomba wako,
Torgeir

*

Melini, 21 Julai 1996

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima, jikoni kazi nyingi, abiria wa kiangazi wanakula kama nzige.

Ningekupigia, lakini nasikia simu yako bado haijatengenezwa. Mama nimeongea naye. Anasema kuni umezipanga zikiegemea ukuta wa chumba chake cha kulala mpaka dirishani, zimebanana kama vitabu, na umezifunika turubai la buluu mpaka chini. Mjomba wangu, kwa nini? Marehemu baba alikuwa akisema, kati ya kuni na kuni panya apite, paka anayemfukuza akwame. Kuni zinataka upepo. Tafadhali zisogeze hatua mbili kutoka ukutani, chini tanguliza magogo ili zisiguse udongo, na ufunike juu tu, ubavuni uache wazi.

Sikufundishi kazi. Naogopa tu. Mama alizaliwa katika nyumba ile, na ameniambia akitolewa atolewe kwa jeneza. Mimi sitaki yote mawili.

Mpwa wako,
Sunniva

*

Eikedalen, 30 Agosti 1996

Mpwa wangu,

Wazima huku, tunaloa tu. Mvua ya mwaka huu haishuki kutoka juu, inapiga kwa ubavu kama mtu mwenye kisasi. Simu iliunguzwa na radi, ikapita masikioni mwangu ikatokea dirishani. Mtu mwingine angekufa.

Barua yako nimeisoma, nimecheka kwa upendo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule. Mambo ya panya na paka aliyajua vizuri. Lakini mvua ya namna hii hakuiona. Turubai nimelifunga kwa kamba pande zote, tone moja haliingii! Juzi basi la Wajerumani lilisimama barabarani, wakashuka wote na kamera kupiga picha kuni zangu. Dada anadai walikuwa wakimpiga picha mbuzi wa Oddvar. Hebu muulize dada, tangu lini mbuzi akafunikwa turubai?

Na zikiwa ukutani, dada hatembei kwenye theluji kufuata kuni. Hilo baba yako alilifikiria?

Mjomba wako,
Torgeir

*

Melini, 3 Novemba 1996

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Juu ya afya ya mama nadhani unajua kuliko mimi, kwa sababu unaishi hatua mia mbili kutoka kwake.

Nimempigia jana. Amekohoa zaidi ya alivyoongea. Anasema kuni zinalia ndani ya jiko na kutoa povu kwenye ncha, kioo cha mlango wa jiko kimekuwa cheusi, moshi unarudi chumbani, na hulala na koti. Alinisihi nisikuambie, eti utaumia.

Nimepata nafasi nyumba ya wazee. Tarehe mosi Desemba nashuka melini nije kumchukua. Sina hasira na wewe, Mjomba. Nilikuwa na deni la kukuambia mapema, basi.

Mpwa wako,
Sunniva

*

Eikedalen, 8 Novemba 1996

Sunniva,

Usimtoe. Nimefungua turubai. Nipe wiki mbili.

Torgeir

*

Melini, 25 Novemba 1996

Mjomba wangu, shikamoo tena na tena.

Hujambo? Mimi leo ni mzima kuliko jana. Mama amenipigia mwenyewe. Umeme umekatika siku tatu, na yeye amekaa na blauzi ya mikono mifupi anafuma soksi! Anasema kuni sasa zinashika moto kwa njiti moja, zikigonganishwa zinalia kama kengele, na kifua kimeachia. Nimeandika barua kuiachia ile nafasi ya wazee. Mama anabaki.

Ila nieleze. Kuni zilizokuwa zinatoa povu hazikauki kwa wiki mbili, hata wewe ukizipulizia. Na Oddvar amemwambia mama kwamba kila jioni anakuona unavuta sleji ya kuni juu ya theluji kutoka banda lako mwenyewe kwenda kwa mama. Mjomba, wewe huko kwako unachoma nini?

Mpwa wako anayekupenda,
Sunniva

*

Eikedalen, 4 Desemba 1996

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa mtu mzima wa afya. Huyo Oddvar ana macho marefu kuliko mtaimbo.

Haya. Nilipolifungua lile turubai, joto lilinipiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Kuni zimeota ukungu, uyoga umesimama kwenye magome kama masikio, na mbao tatu za ukuta wa dada zimeoza, ukibonyeza kidole kinazama. Nilikaa chini kwenye theluji. Dada akafungua dirisha akauliza, "Torgeir, umeanguka?" Nikamwambia napumzika. Akasema, "Pumzika, mdogo wangu, kahawa iko jikoni." Neno la lawama hajalitamka mpaka leo, na hilo ndilo lililoniuma.

Mbao nimebadilisha. Kuni nimezihamishia penye upepo, juu ya magogo, panya anapita. Zitafaa mwaka kesho kutwa. Zangu za mwaka juzi, zilizokauka kama mifupa, nimempa zote, nimezipanga barazani karibu na mlango. Si kitu. Damu yangu ina moto, ningeweza kulala nje nikayeyusha theluji ya ua mzima.

Lakini umeniuliza, na kwa mambo ya mama yako sitaki kukudanganya tena. Nanunua. Za gunia la wavu, kituo cha petroli. Unajua bonde hili: mwanamume anayenunua kuni ni sawa na mvuvi anayenunua samaki wa kopo. Kwa hiyo navuka mlima, naendesha saa nzima mpaka kituo ambacho hawanijui, nimevaa miwani ya jua ndani ya giza la Desemba. Yule binti wa kaunta ananisaidia kupakia. Anadhani mimi ni mtu wa Oslo mwenye kibanda cha likizo. Ijumaa iliyopita alinifundisha, taratibu na kwa huruma, jinsi ya kuwasha jiko. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikasema asante.

Mjomba wako,
Torgeir