Taa ya Pipa la Dizeli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Miyuji hatujambo. Bibi yako anauliza kama huko kwenye baridi mnakula ugali. Usipomjibu ataleta unga mwenyewe.

Umeniuliza kwa nini kifaa chako cha kupima mafuta ya kupashia nyumba joto kinamaliza betri kila siku mbili. Umemuuliza bingwa wa kukosea.

Miaka ile biashara ziliporuhusiwa kwa kila mtu, nilikuwa na mashine ya kusaga kule Gulwe. Dizeli ikiisha, hewa iliingia kwenye mabomba, na nikiwa nahangaika kuitoa, wateja walihamia kwa jirani. Basi nikatia boya la kandambili ndani ya pipa, nikaliunga na spoku ya baiskeli, betri za redio na balbu ya tochi. Boya likiwa juu, spoku iligusa waya na balbu ikawaka: mafuta yapo; ikizima, ongeza.

Kesho yake ikazima. Nikaongeza dizeli kwenye pipa lililojaa, ikanimwagikia mpaka viatuni.

"Baba, leo unasaga miguu?" akauliza Mama Yoeli, mteja wangu.

Kumbe betri zilikufa kwa kutangaza usiku kucha jambo ambalo kila mtu alilijua, kwamba mafuta yapo. Nikazianika juani, nikageuza nyaya: taa ilale, iwake mafuta yakipungua tu.

Wiki ya Pasaka, foleni ya uwele ikiwa imefika relini, taa ikawaka! Nikaongeza dizeli, mashine haikukohoa hata mara moja. Mama Yoeli akapiga kigelegele: "Kumbe kichwani zimo!"

Kiache kifaa chako kilale, kiamke kikiwa na habari. Bibi yako anachungulia begani, anasema hata mimi ningefaa kutengenezwa hivyo.

Babu yako, mwenye viatu vya dizeli