Sahihi ya Gedion

Kibwezi,
Jumamosi

Kwako dada yangu Kaveke,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, pamoja na baridi yenu ya Nunguni. Natumaini kifua cha mtoto wa mwisho kimepata nafuu na viazi vimetoka vizuri. Mimi mwili uko sawa. Nakula, nalala, naamka, nafungua karakana. Najisikiaje, hilo usiniulize.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nimejaribu simu mara tatu, na kila ukipokea najikuta nakuuliza habari za mvua.

Kazi haijasimama. Wiki hii nimekunja mabati ya masanduku manne ya kuwashia pampu. Unajua tulivyokuwa tukigawana kazi: mimi nachora, nakata, nachomelea na kupuliza rangi, na mume wako Gedion anafunga nyaya ndani, anapima kwa mita, kisha anatia sahihi nyuma ya mlango. Hapa kwetu sanduku lenye sahihi halifunguliwi tena. Abdallah, mwenye karakana, huwaonyesha wateja sahihi hiyo kabla hata ya kuwaonyesha pampu yenyewe.

Alhamisi tulimzika Kalondu. Ndiye yule mama wa kikundi cha kanisa kilichonunua pampu ya sola ya kumwagilia nyanya kando ya mto. Alishika mlango wa sanduku kwa mikono yenye maji, na bati lote lilikuwa na umeme. Wenzake wanasema hakupiga hata kelele. Kaburini wanawake walilia sana, nami nilisimama pale nikiangalia viatu vya watu. Sijalia hadi leo. Si kwamba sina huruma, dada. Sijui tu machozi yamekwama wapi.

Uliniambia kwamba tangu Gedion afukuzwe kazi anashinda nyuma ya nyumba peke yake, na kwamba kwa hasira ulimwambia mikono yake imemuua mama wa watu. Ukaniuliza kama ulikosea kusema hivyo. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sanduku lile Gedion alilipima siku ya Ijumaa likiwa la kijivu. Lilikuwa sawa kabisa. Akatia sahihi, akaja kwenu. Kesho yake Kalondu mwenyewe alinipigia. Alisema mchungaji ataiombea pampu Jumapili baada ya ibada, na akina mama wangefurahi sana sanduku likiwa la buluu kama sare zao. Abdallah alikuwa Mombasa. Nikaona ni jambo dogo. Nikabandika karatasi ya gundi juu ya sahihi ya Gedion ili isiharibike. Nikafungua nati inayoshika waya wa kijani na manjano, ule unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Nikapuliza rangi, ikakauka, nikaurudisha ule waya juu ya rangi.

Rangi haipitishi umeme. Nilitakiwa kuikwangua pale mpaka chuma kionekane, kisha ndipo nikaze nati. Nilijua hivyo, na nimewafundisha wengine. Sikukwangua kwa sababu rangi ilikuwa imetoka vizuri na sikutaka kuiharibu. Wala sikumwita Gedion arudi kupima, maana sahihi yake ilikuwepo tayari.

Baada ya miezi miwili waya mmoja wa ndani ulichubuka kwenye bawaba ya mlango. Mambo hayo hutokea, na ule waya wa ardhini huwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini haukuwa umegusa chuma.

Sanduku liliporudishwa karakana, Abdallah aliuliza mbele ya polisi kama kuna mtu aliyelifungua baada ya sahihi. Nikasema hakuna. Gedion ndiye aliyekuwa ameshika spana. Akafungua nati, akaona rangi ya buluu chini yake badala ya chuma kitupu, na yeye aliliacha sanduku likiwa la kijivu. Aliniangalia kidogo tu. Halafu akamwambia polisi kwamba sahihi ni yake.

Naona hata wewe hakukwambia. Nadhani ni kwa sababu mimi ni mdogo wako. Mikono uliyomtajia ni hii inayokuandikia.

Abdallah nimemweleza leo asubuhi. Alikaa juu ya debe la rangi mpaka wateja wakaanza kumwita. Gedion anatakiwa kituoni Jumatatu saa tatu kuandikisha maelezo. Mwambie asije. Nitakwenda mimi.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina, na majirani watakaoniulizia. Kwa Gedion sijui nitume salamu gani.

Ni mimi mdogo wako,
Kalunde