Vyungu kwenye mahame ya Mzee Nikolaus

Zeyana, niko zahanati, Usinge. Damu kwenye ile picha niliyokutumia siyo yangu, ni ya Marko tuliye naye kwenye mradi wa nyuki. Panga limeondoka na vidole vyake viwili.

Unavikumbuka vyungu vyangu? Vile nilivyopaka nta ndani ili nyuki wadogo wasiouma wavutiwe na kuhamia. Tulivitundika kwenye mahame, makazi yaliyohamwa zamani, nikidhani pale hapana mwenyewe.

Nilikosea. Huku ukitundika mzinga kwenye mti, umeudai mti na ardhi yake. Na mahame yale ni ya Mzee Nikolaus. Alihamishwa pale akiwa kijana, wakati wa vijiji vya Ujamaa, na nyumba yao ikachomwa wakiangalia.

Leo ametukuta pale, panga mkononi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alianza kuvunja vyungu, kimoja baada ya kingine. Marko akamshika mkono. "Babu, ni nyuki tu." Panga likashuka.

Panga likashuka, Zeyana, na mzee hakuacha. Akanifuata mimi.

"Mwaka sabini na nne walikuja na lori. Wewe umekuja na vyungu."

Nilikuwa nimeegemea mti wenye chungu cha mwisho. Akainua panga, akaangalia juu ya kichwa changu, akalishusha taratibu. Nyuki walikuwa wanaingia chunguni.

"Hawa wamekuja wenyewe," akasema. "Hicho kiache."

Sasa hivi Marko kaniuliza kama kuna chungu kilichopona. Nimemwambia kimoja kimepata nyuki. Ametabasamu. Mkono wake bado hajauangalia.