Tandiko Linalohamia Ubavuni

Nyumba ya kona, S.L.P. 88
Jumatano, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima, na kwamba lile goti siku hizi linakuacha ulale. Huku hatujambo, isipokuwa mjukuu wako anayechechemea, na mimi ambaye kichwa kinanizunguka.

Jumapili alikuwa juu ya farasi wako, Bwana Mkubwa. Walipokata kona, tandiko likahamia ubavuni, na mtoto akaenda nalo. Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Lakini mama yake, mkwe wangu, ameapa kuja Jumamosi kusimama uani atazame mwenyewe. Likihama tena, farasi anaondoka. Tangu asikie hayo, mtoto hata kula hataki.

Unanijua, situlii na jambo nisiloweza kulieleza. Nikaenda kuuliza. Mwenye duka akanipa lijamu nzito, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, akisema mnyama akishikika tandiko litatulia. Mwalimu wa kupanda farasi akacheka: "Mzee wangu, mgongo ndio unaoteleza, wewe unahangaika na meno!" Yeye anataka mkanda wa kifua, unaozuia tandiko lisirudi nyuma. Nikamwambia letu halirudi nyuma, linakwenda kando. Akasema nifunge tu.

Fundi ngozi naye akasema hayo yote ni mapambo. Ati Bwana Mkubwa hujaza pumzi ukimfunga mkanda wa tumbo, halafu anazishusha mkiwa njiani, mkanda ukalegea. Dawa ni kumtembeza kidogo, kisha kukaza tena.

Leo tumefanya yote. Lijamu ikamfanya arushe kichwa kama mtu anayebishia bei. Mkanda wa kifua ukaning'inia tu. Mkanda wa tumbo tukaukaza mara mbili. Tandiko bado likacheza.

Ndipo mjukuu wako akauliza, "Babu, na haya mablanketi?"

Chini ya tandiko yalikuwa matatu. Moja lako. Mawili niliyaongeza mimi, mgongo wa mnyama usije ukaumia. Tukayatoa, tukakaza upya, akazunguka ua mara tatu. Tandiko halikusogea.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kilichosaidia ni blanketi au mkazo wa pili? Lijamu ya zamani niirudishe? Na huyu mkwe wangu nimwambieje, kwamba aliyemwangusha mtoto ni babu kwa huruma zake? Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Tafadhali nipigie kabla ya Jumamosi.

Nisalimie shemeji, mapacha, na shangazi, mwambie dawa yake ya kikohozi ilinifaa.

Siku uliyotuachia farasi, ulisimama mlangoni mwa banda ukinionyesha jambo mgongoni mwake. Tangu juzi najitahidi kukumbuka ulisema nini. Nakumbuka niliyosema mimi tu. Safari hii sema, ndugu yangu, nami nitanyamaza.

Mola akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi, kaka yako akupendaye