Masikio ya Mama Si Vichezeo

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya ghala la vifurushi,
S.L.P. 418.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Wifi hajambo? Na wale mapacha, kifua kimewaachia, au baridi ya huko bado inawaandama? Mwambie wifi asiwape dawa za mdomoni mwa majirani. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto bado linagoma kila nikipanda ngazi, lakini hilo ni la ukoo, nimelirithi kwa bibi, kwa hiyo nawe jiandae.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zetu zimekuwa za makelele, na jambo hili linataka utulivu. Uliniuliza kwa ujumbe kama Mama ana kinyongo nawe, maana kila ukipiga anasema "haya, haya, Mungu akubariki", kisha ananikabidhi simu. Halafu mimi nikakuambia unitumie haraka risiti ya ule mzigo na usiulize kitu. Ukatuma, na hukuuliza. Ahsante sana. Leo nakujibu yote mawili, na utaona kwamba kumbe ni jambo moja.

Nianze na kifurushi. Hukujua kwamba kitapita mezani kwangu, au ulijua ukatumaini nitafumba macho? Zamani afisa wa forodha alikuwa anasimama hapa hapa ghalani, anafungua mizigo, anakadiria ushuru, na mwenye mzigo analipa kwake. Siku hizi kazi hiyo tumetwishwa sisi wasafirishaji. Tunasoma alichoandika mtumaji kwenye lebo, ni kitu gani na kina thamani gani, tunapiga hesabu, tunamtoza mpokeaji dirishani, halafu mwisho wa mwezi tunapeleka forodha taarifa moja ya vifurushi vyote pamoja na malipo yake. Kampuni imeweka dhamana. Tukitaja uongo tunaulizwa sisi, siyo wewe uliyeko huko mbali. Na anayetia sahihi kwenye taarifa hiyo ni dada yako.

Sasa wewe umeandika "vichezeo vya watoto".

Mwenzangu anayekaa kwenye mashine ya kuangalia ndani ya mizigo, ambaye sote tunamwita Jicho, aliniita. "Hebu njoo uone vichezeo vya kwenu," akasema. Kwenye kioo palikuwa na vidude viwili vilivyopinda kama maharage, na betri zake pembeni. "Huyo mtoto anachezea masikioni?" Nilicheka naye, lakini moyoni niliona aibu, maana jina kwenye lebo ni la Mama na mwandiko ni wako.

Najua ulitaka kutupunguzia gharama. Lakini umeruka mkojo ukakanyaga mavi, unisamehe lugha. Vifaa vya kusaidia kusikia havitozwi ushuru hata senti, mradi vitajwe kama vilivyo na viambatane na cheti cha daktari chenye jina la mtu atakayevivaa. Vichezeo ndivyo vinavyotozwa. Yaani umedanganya ili tulipe!

Nilikifungia kifurushi kwenye chumba cha mizigo yenye maswali. Ili nirekebishe tamko kabla taarifa ya mwezi haijafungwa, nilihitaji risiti yako, na hiyo ilikuwa rahisi. Nilihitaji pia cheti cha Mama, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Unamjua. Tukiwa mezani nikamwambia, nikakatwa kauli. "Kiziwi nani? Nyie ndio mmezoea kunong'ona kama wezi." Nikamweleza kwamba bila cheti tutatozwa, na mimi nitakuwa nimetia sahihi uongo. Akasema atalipa yeye. "Kulipa nitalipa. Kuandikwa siandikwi."

Nilikasirika, nikamwambia maneno makali ambayo sitayarudia hapa. Hakuyasikia, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Siku iliyofuata akaja ofisini mwenyewe, amevaa gauni lake la bluu la harusi za watu, pochi mkononi. Akachukua namba, akaketi kwenye benchi. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na nilimwona vizuri. Namba yake ikaitwa. Hakuinuka. Ikaitwa tena, aliyemfuata akapita. Mama alikuwa anatabasamu tu, na macho yake yanahama kutoka uso hadi uso, yanasubiri watu wamtazame ili ajue kwamba zamu yake imefika. Nikaelewa kwamba ndivyo anavyoishi siku hizi, hata nyumbani na sisi. Ndivyo anavyojua chakula kiko tayari. Ndivyo anavyojua wakati wa kucheka. Na kwenye simu, mdogo wangu, hakuna uso. Hasira yote ikaniisha, nikalia pale pale kazini mpaka Jicho akanipa leso yake.

Nikatoka, nikamshika mkono hadi dirishani. Karani akamwekea kifurushi mbele yake athibitishe kama ni chake. Masikio ya Mama yamechoka, lakini macho yake bado yanatia uzi kwenye sindano bila miwani. Akaisoma lebo. Akaisoma tena.

"Vichezeo?" akasema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Masikio yangu ndiyo vichezeo?"

Karani akatafuta kitu cha kufanya mezani. Mama akanigeukia aulize nani kaandika hivyo, nami nikamwonyesha jina lako kwa kidole. Alilitazama kwa kitambo. Kisha akafunga pochi.

"Twende kwa huyo daktari," akasema. "Bora niitwe kiziwi kuliko kuitwa mtoto."

Nimekuwa nikiliwaza jambo hilo kila nikikaa mezani. Vifurushi vingi vinavyokwama hapa kwetu havina kitu kibaya ndani. Vinakwama kwa sababu mtu aliona haya au aliogopa kutaja alichotia. Nasi nyumbani tulifanya vivyo hivyo. Mimi nilisema Mama amechoka, shangazi akasema ni uzee, na wewe, uliyejua hata ukanunua vifaa, ukasema ana kinyongo. Kusema kwamba hasikii, hakuna aliyesema, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuongoza katika kunyamaza huko. Wala simlaumu. Mtu aliyelea watoto kwa kusikia nani anakohoa chumba cha pili, unadhani ni rahisi kukubali?

Basi cheti kilipatikana, tamko likarekebishwa, na taarifa ikaenda forodha kwa wakati. Kwenye mstari wa Mama, ushuru ni sifuri. Afisa mmoja alipiga simu kuuliza vichezeo vimegeukaje kuwa vifaa vya tiba. Nikamweleza kwamba mtumaji ni kitindamimba. Akacheka, akasema hata kwao yupo.

Mama alipovivaa mara ya kwanza alilalamika kutwa nzima. Sahani zina kelele, mlango una kelele, na mimi eti natafuna kama mbuzi. Akakaa kwenye cherehani yake, akakanyaga, akasimama ghafla. "Hii inalia hivi tangu lini? Mmeiacha bila mafuta?"

Jioni akaniuliza taratibu, "Mdogo wako bado ana hasira na mimi?" Nikamuuliza hasira gani. Kumbe kila ulipopiga ulipaza sauti ili akusikie, na maneno hayakumfikia, kilichomfikia ni ukali tu. Alidhani unamgombeza. Hakujua kosa lake, akaona afadhali akubariki upesi anipe simu. Muda wote huo mmekuwa mkiogopana, kila mmoja anadhani mwenziwe amenuna.

Mjomba fundi saa anakusalimu na anasema ile saa uliyomwachia imepona, mgonjwa ni wewe usiyekuja kuichukua. Shangazi naye anakusalimu. Wabusu mapacha kwa niaba yangu, na umsalimie wifi sana. Na siku nyingine ukituma kitu, kiandike jina lake.

Barua hii ikikufikia, mpigie Mama. Lakini usipaze sauti, nakusihi. Sema naye kwa sauti yako ya kawaida, ile ndogo uliyokuwa unamwombea nayo pesa ya peremende. Ameihamisha cherehani, ameiweka karibu na simu. Hata ikilia simu ya jirani ng'ambo ya ukuta ananyanyuka, maana sasa anaisikia.

Mungu akuweke, akuzidishie, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na lebo zako,

Mwenye Goti