Waya Nyuma ya Tingatinga

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 31
Kazi: Opereta wa tingatinga
Makazi: Nyumbani kwa mama yake, nyuma ya stoo ya mbao
Jalada linalohusika: Wizi wa mtambo, lililofunguliwa miaka sita iliyopita

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, na nasema kwa hiari yangu. Afisa ameniomba niende polepole kwa kuwa anaandika kwa mkono.

Naendesha tingatinga la matope. Mabamba ya minyororo yake ni mapana karibu mara mbili ya yale ya tingatinga la kawaida, kwa hiyo uzito wake unatawanyika na ardhi laini inaubeba. Mtu hajaumbwa hivyo, uzito wake wote uko kwenye nyayo mbili. Pale ambapo mtambo wangu unaacha alama tu, mwanamume mwenye buti anazama mpaka magotini, na mimi mwenye mwili wangu huu nazama zaidi. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi yetu ni fupi: usishuke. Mtambo ukikwama, kaa ndani, usubiri kuvutwa.

Sheria hiyo nilifundishwa na fundi wetu wa mitambo. Kazini wanamwita Mzee Spana. Mimi namwita Mjomba, ingawa si ndugu wa damu. Ndiye aliyemfundisha kazi kaka yangu, kisha akanifundisha mimi. Jumapili huja nyumbani kumtengenezea mama bawaba za mlango, au kukaa naye tu. Ni mtu mwema mwenye vituko vyake. Kwa mfano, mitambo yote inayopita mikononi mwake haina honi. Huchomoa waya zake na kusema honi zinakula betri. Tulikuwa tunamcheka kwamba anaogopa kelele kuliko anavyomwogopa mkewe.

Kaka yangu alikuwa opereta katika eneo hilohilo la kinamasi, kampuni ilipojaribu mara ya kwanza kupitisha barabara pale. Miaka sita iliyopita, siku ya mvua, hakurudi nyumbani. Kesho yake msimamizi wa wakati ule aliripoti kwenye kituo hiki kwamba kaka yangu ametoroka na tingatinga na kwenda kuliuza. Polisi walikuja wakapekua mpaka chini ya kitanda cha mama, kana kwamba tingatinga linafichwa uvunguni. Tangu hapo sisi ni familia ya mwizi. Mchumba wangu alivunja uchumba kwa kupitia shangazi yake. Hata kazi hii niliipata kwa kutumia jina la upande wa bibi, na Mjomba aliyajua hayo akanyamaza. Nilimshukuru kwa kunisitiri.

Naomba na hili la mama liandikwe. Watu wanadhani aliumia kuitwa mama wa mwizi. Hapana, alilikumbatia. Husema, "Mwizi ana mahali anakula. Siku moja atachoka, atarudi." Anampangia hata maneno ya kumgombeza. Mimi nilikuwa na hasira naye kwa hilo, kwa kuwa nilimjua kaka yangu. Mtu aliyekuwa akirudisha boliti moja stoo hawezi kuondoka na tingatinga zima. Lakini ningemwambia nini mama? Asipokuwa mwizi, basi yuko wapi?

Leo, tarehe 14 mwezi huu, saa mbili asubuhi, msimamizi wa sasa, ambaye ni mgeni hapa, alinielekeza nifungue mtaro kwenye kona ya mashariki ili maji yatoke. Mjomba alikuwepo. Akasema, "Kona ile iacheni." Msimamizi akamuuliza, "Sasa mzee, maji yapitie wapi, angani?" Mjomba alikwenda kukaa kwenye pipa tupu ukingoni, penye ardhi ngumu, akashika kofia yake mkononi.

Kona ile sikuipenda tangu zamani. Juu ya maji yake huwa kuna utando wa mafuta wenye rangi rangi. Niliwahi kumuuliza Mjomba, akasema ni mapipa ya zamani yanavuja. Leo nilipopita juu yake mara ya kwanza, nilisikia mshindo chini ya minyororo. Ardhi laini haina sauti, inatikisika tu kama godoro. Pale palikuwa na sauti. Nilipita tena nikijiambia ni jiwe.

Mara ya tatu koleo la mbele liligonga chuma. Nilirudi nyuma kidogo. Kwenye tope niliona ncha ya bomba la moshi, na juu yake kifuniko cha kopo la maziwa kilichofungwa kwa waya mwembamba. Kifuniko kile nakifahamu. Kile cha kiwandani kilipovunjika, mimi ndiye niliyemkatia kaka yangu kopo kwa mkasi wa mama, na mama akanitukana kwa kuuharibu mkasi.

Nilishuka. Najua sheria, ila nilishuka. Nilizama mpaka mapajani nikashika mnyororo wa mtambo wangu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikawa napangusa tope kwenye lile kopo. Sikulia. Nilikuwa nalisafisha tu. Vijana wa kazi walinirushia kamba wakanitoa.

Msimamizi alileta kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kikapangiwa magogo ya kukanyagia, kikachimba taratibu mpaka saa nane mchana. Lilikuwa tingatinga la kawaida, lenye mabamba membamba, la kufanyia kazi kwenye mwamba. Taa zake zilikuwa zimewashwa, yaani swichi ilikuwa chini. Kitasa cha mlango hakikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Kilichokuwa kwenye kiti nilikiona, na afisa naye amekiona. Sitakieleza.

Kisha nikaona waya. Nyuma ya tingatinga, kwenye ndoano ya kuvutia, palikuwa na waya wa chuma umefungwa kwa sheko, ile pingu ya chuma ya kuunganishia, na pini yake imekazwa vizuri. Mtu aliye kwenye kiti hawezi kujifungia waya nyuma. Niliufuata ule waya kwa mikono mpaka mwisho wake. Waya ukikatika kwa kuvutwa hutawanyika kama ufagio. Ule haukutawanyika. Nyuzi zake zilikuwa zimeyeyuka na kushikana pamoja. Ulikatwa kwa gesi. Na mtungi wa gesi pale kazini una mwenyewe, tangu zamani hadi leo.

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa amesimama kwenye tope kwa viatu vyake vya kawaida, na alikuwa anazama wala hajali. Nilimuuliza, "Mjomba, huu waya?" Akasema, "Nilimwambia anisubiri."

Yafuatayo aliyasema mbele yangu na mbele ya msimamizi. Siku ile ya mvua tingatinga la matope lilikuwa bovu. Msimamizi wa zamani akaagiza kaka yangu aingie kona ile na hili la mabamba membamba. Kaka alikataa. Akaambiwa kama anaogopa ashuke, wanaotaka kazi wako getini. Aliingia. Likaanza kuzama. Mjomba alifunga waya, akavuta kwa mtambo wa pili, na wa pili nao ukaanza kwenda chini kwa nyuma. Msimamizi akapiga kelele, "Kata! Mmoja umeshapotea, usinipotezee wa pili!" Mjomba akakata.

Nilimuuliza kwa nini kaka hakutoka na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Angeweza kupanda juu ya paa, akalala kifudifudi, akatupiwa ubao. Mjomba akasema, "Alitaka kutoka, mwanangu. Alishafungua mlango. Mimi ndiye niliyempigia kelele: usishuke, kaa ndani, naenda kutafuta waya mrefu. Akaufunga."

Sheria ile ni ya mtambo wenye mabamba mapana, afisa. Huo haumezwi, unaelea, kwa hiyo ukikaa ndani unapona. Kwenye mabamba membamba ni kinyume chake, unatoka upesi unavyoweza. Mjomba anayajua hayo kuliko mtu yeyote. Kwa hofu ya siku ile aliropoka ile aliyozoea kutufundisha, na kaka yangu alikuwa mwanafunzi mtiifu.

Nilimuuliza kama alirudi na ule waya mrefu. Akasema alirudi nao, akakuta tope limejifunga. Kisha akasema, "Honi ilikuwa bado inalia. Kule chini ya tope." Aliziba masikio palepale mbele yetu, kama mtoto.

Msimamizi wa zamani alimwambia asubuhi yake kwamba akisema neno, aliyekata waya ni yeye, na atafungwa yeye. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilichukua miaka sita, na Jumapili zote hizo alikuwa anakunywa chai kwa mama na kumsikiliza akipanga maneno ya kumgombeza kaka.

Tumekuja naye kituoni kwa gari moja. Yuko nje kwenye benchi. Nimemchukia tangu mchana, na bado nilipoona viatu vyake vimelowa niliomba aletewe kandambili. Sijui tena nimwite nani.

Naomba mambo mawili. Jalada la wizi lifungwe na majirani waambiwe kwa sauti ileile waliyoambiwa mwanzo. Na asiende askari yeyote nyumbani kabla yangu. Nimemtafutia mama jina zuri la mwanawe, na kwa jina hilo namnyang'anya mtoto aliyekuwa anamsubiri. Hilo nilibebe mimi.

Nimesomewa yote niliyosema, ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA OFISA MWANDISHI: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Kuna sahihisho moja. Kwenye aya inayoanza kumweleza kaka wa shahidi nilikuwa nimeandika "mtuhumiwa", kama linavyosema jalada. Shahidi alitaka neno hilo lifutwe, nikalifuta. Nilipoanza kuandika "marehemu" mahali pake, alinishika mkono. Alisema, "Andika kaka yangu. Hilo lingine mama hajaambiwa." Nimeandika hivyo, na ametia sahihi kando yake.

Sajenti wa zamu