Aurélie Hatoki Nyumbani Kwetu

Kisangani, Commune ya Tshopo

Yaya Osée, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, mama watoto na wote wa Basoko. Je, mgongo uliokusumbua wakati wa mvua umetulia? Kabla ya yote, jua kwamba binti yako Aurélie ni mzima, anakula, anasoma. Nimetanguliza hilo kwa sababu watu wa mashua ya baleinière wakishuka huko watakuletea maneno mengine.

Désiré wetu alishikwa na homa kali. Kabla hatujampeleka hospitali, mama mkwe alimwita Mama Françoise, anayeongoza chumba cha maombi tunachosali. Aliomba, kisha akamnyooshea kidole Aurélie, aliyekuwa uani anachambua majani ya muhogo ya pondu. Alisema huyo ndiye anayekula damu ya ndugu yake. Akaagiza apelekwe kwake, afungiwe bila chakula wala maji mpaka akiri ulozi.

Unamjua Sadrack, mume wangu, mtu ambaye hata bei ya samaki ananiachia mimi nibishane. Sijawahi kumsikia akipinga neno la mama yake. Alipoonekana anasita, Mama Françoise alimwuliza kama hamwogopi Mungu. Akajibu: "Bon, ndiyo maana nakataa. Naogopa Mungu. Siku ataniuliza huyu mutoto iko wapi, nitamwambia nini? Aurélie hatoki hapa."

Akambeba Désiré, tukaenda hospitali.

Tangu utotoni nilidhani kumcha Bwana ni kama kuogopa fimbo, mtu anajikunja asipigwe. Siku ile niliona mtu mwoga akisimama wima kwa sababu ya hofu hiyo hiyo.

Sasa nikuambie lile ninalolikwepa tangu mstari wa kwanza. Désiré hakurudi nyumbani. Damu ilikuwa imempungukia mno. Waliongeza, wakahangaika, ikashindikana. Kwenye matanga mama mkwe alilia akisema mwanawe amechagua mlozi, akamwacha mtoto wake mwenyewe afe. Watu wa chumba cha maombi hawakuja hata kuimba. Sadrack alinyanyuka, akaenda kumtafuta Aurélie alikojificha nyuma ya jiko, akamketisha kati yetu mbele ya wote.

Mtoto akamwuliza kwa sauti ndogo, "Tonton, weye hauniogope?"

"Hapana, mama. Weye iko mutoto. Lia na sisi, alikuwa ndugu yako."

Akalia, nami ndipo nikaweza kulia.

Nakusihi, Yaya, usipande kuja kumchukua. Ukimchukua sasa, watasema tumemfukuza, naye ataamini. Na mimi nitabaki katika nyumba isiyo na mtoto. Tuachie. Njoo tu utuone, ukae siku kidogo, tumwombolee Désiré pamoja.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Mama umwambie polepole, akiwa ameketi. Sadrack anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mdogo wako,
Priscille